Gari la Mwenzako Si Breki Yako

Wajukuu zangu wa Mbeya na Iringa,

Ijumaa moja usiku nilikaa nyuma ya mjukuu wangu, hapa nyumbani Uyole, nimtazame akishindana mbio za magari za kwenye kompyuta. Usukani ameubana kwenye meza ya chakula kwa vibanio viwili. Pedali zimeegemezwa tofali ili zisirudi nyuma akikanyaga. Hedifoni masikioni, maiki mdomoni. Kwenye skrini magari kumi na manane yamejipanga mawili mawili yakisubiri taa. Nilipenda nilichokiona, nasema kweli: mabega yametulia, macho yako mbali mbele, mikono haijaukaba usukani. Kuna watu niliwafundisha miezi sita wasifike hapo.

Mbio zikaanza. Wakaikaribia kona ya kwanza, na pale penye kibao cha mita mia wenzake wote wakakanyaga breki. Yeye hakukanyaga. Aliingia kwa ndani na mwendo uleule, akamkumba ubavuni kijana aliyekuwa mbele yake, na kwa kule kumkumba gari lake likapungua kasi kiasi cha kutosha, likakata kona vizuri kabisa. Lile jingine lilitoka nje, likazunguka mara mbili, likaishia ukutani. Mjukuu wangu aliyekuwa wa kumi na moja akawa wa sita. Akacheka.

Nikamwuliza, umemgonga nani?

"Ni gemu tu, babu."

Nikamwambia sijauliza ni nini, nimeuliza ni nani. Akanyamaza raundi nzima. Kisha akataja jina la kijana mmoja wa Kihesa, Iringa. Siku zilizofuata nilidadisi habari zake kidogo kidogo. Kijana yule hana kompyuta. Anaazima ya kaka yake, ambayo mchana inafanya kazi kwenye stesheneri, na usiku ndipo anaruhusiwa kuibeba nyumbani. Bando la kushindania analinunua kwa fedha za kupakua nyanya sokoni. Wiki nzima alikuwa amejifunza uwanja ule, kona kwa kona, hadi saa saba za usiku. Safari yake iliishia kona ya kwanza, na hakurudi.

Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi nilianza kazi ya barabara mwaka 1971 nikiwa utingo, kijana wa Kihehe wa miguu mitupu, barabara kuu ya kwenda Zambia ikiwa bado inajengwa. Muda si mrefu Wachina wakaja kulaza reli ya TAZARA, na kuanzia Makambako tukawa tunakwenda nayo bega kwa bega. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutembea kwa miguu kando ya lori linapopanda mlima wa Kitonga, gogo mkononi, tayari kulikinga tairi likianza kurudi nyuma. Miaka saba baadaye nilipewa usukani, na niliuacha mwaka 2009. Kwa hiyo nikisema juu ya kona na breki, nasema ninachokijua. Na nikisema juu ya michezo yenu, nasema nilichokaa nikajifunza, kwa sababu mjukuu wangu alinivumilia maswali miezi mitatu.

Kwanza hilo jina. Mnaita mashindano yenu ligi. Kwenye mpira ni neno safi, lina ratiba, lina pointi, lina msimamo. Lakini sisi wa barabarani tunalijua neno hilo kwa uso mwingine. Mabasi mawili yakitoka stendi yakifuatana, yakaanza kufukuzana, huyu anaovateki, yule anamchomekea, wanapita kwenye mlima mstari ukiwa haukatiki, hiyo ndiyo ligi. Abiria hupaza sauti: dereva, acha ligi! Akina mama huanza kusali. Nimewahi kuona konda mtu mzima akilia kwa sababu dereva wake alikuwa hasikii tena la mtu. Wajukuu zangu, maneno haya mawili yanaandikwa sawa, na tofauti yake haiko kwenye kasi. Hata dereva wa mashindano ya kweli ana kasi kuliko basi lolote. Tofauti iko katika jinsi unavyomwona aliye mbele yako: ni mshindani, au ni kitu kilichokaa njiani mwako.

Sasa nitawasimulia ya Kitonga. Aliyepita pale anapajua. Kwa asiyepajua: ukitoka Iringa kwenda Dar es Salaam, ukishapita Ilula na nyanya zake, ardhi inakatika. Barabara inaporomoka kuelekea Ruaha Mbuyuni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Waliotufundisha kazi walitupa sheria moja ya mlima: gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Usiitegemee breki peke yake, kwa maana breki ikikanyagwa mfululizo inapata moto, ikipata moto inateleza, na breki za upepo nazo, ukizipampu ovyo, upepo unakwisha ukiwa bado katikati ya mlima.

Mwaka 1986, mwishoni mwa masika, nilikuwa nashuka pale na shehena ya mahindi ya Makambako. Mbele yangu kulikuwa na basi limejaa, tunatambaa. Kwanza nilisikia harufu, ile harufu ya breki iliyoungua ambayo ukishaivuta mara moja hutaisahau. Nikadhani ni yangu. Kisha nikasikia honi ndefu isiyokatika. Nikatazama kioo cha pembeni, nikaona lori linakuja, taa zinawaka mchana, moshi mweupe unatoka kwenye matairi ya nyuma. Utingo wake ametoa kichwa nje, anapunga mkono kama mtu anayefukuza ndege shambani. Mimi sikuwa na pa kwenda. Kushoto hapapitiki, kulia lori jingine linapanda, mbele yangu lile basi.

Dereva yule alikuwa na njia ya kujiokoa, na njia hiyo ilikuwa mimi. Tela langu lilikuwa na tani nyingi na nilikuwa naenda pole. Kama angeniegemea mgongoni, mzigo wangu ungemzuia. Ndivyo mjukuu wangu alivyofanya ile Ijumaa. Angeniegemea, mimi ningeingia kwenye basi, na basi lingeingia mahali ambapo sitaki kupasema. Nilimwona kwenye kioo akikata usukani. Akalipeleka lori lake kwenye mwamba, ubavu mzima, likasaga jiwe, cheche zikaruka, kioo cha mbele kikamwagika, vyuma vikalia, na hatua kama thelathini kutoka kwangu likasimama.

Alivunjika mguu na mbavu. Utingo alitoka na michubuko. Miaka miwili baadaye nilimkuta kwenye foleni ya mizani, anachechemea, anakula muhindi wa kuchoma. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa mbele yako siku ile. Tukasalimiana kwa heshima. Nikamwuliza kwa nini hakuniegemea, maana wengi wangefanya hivyo bila hata kufikiri. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo dogo. Akasema, "Breki zilikuwa zangu."

Sijapata kusikia sheria ya udereva iliyo fupi kuliko hiyo. Kosa ni lako, breki ni zako, basi ubebe wewe. Kama umechelewa kukanyaga, kuna nyasi pembeni, kuna kokoto, kuna ukuta. Hivyo ndivyo viwanja vya mashindano vilivyojengwa, vina nafasi ya mtu kubeba kosa lake mwenyewe. Nenda huko. Poteza nafasi zako tano, kesho utazitafuta. Gari la mwenzako halikuwekwa pale likusaidie kusimama.

Najua mtaniambia kwamba mbio ni kugusana. Mjukuu wangu aliniambia hivyo, na baada ya kutazama mbio nyingi naye nimekubali kwamba yapo ya kweli ndani yake. Watu wawili wanaokata kona ubavu kwa ubavu watagusana siku moja, na hakuna aliye mkosaji. Hata mtu mwema hukosea kupima. Mimi mwenyewe nimewahi kukwangua basi la watu pale Mwanjelwa nikiwa na uzoefu wa miaka ishirini. Sikatazi kukosea. Natazama unachofanya katika sekunde kumi zinazofuata. Umemtoa mtu barabarani, umempita: punguza mwendo, toka kwenye mstari wa mbio, msubiri arudi barabarani, apite, ndipo uendelee. Usisubiri mwamuzi akuambie. Anayerudisha nafasi bila kuamriwa hahitaji kueleza kwamba ilikuwa bahati mbaya. Na wewe uliyetolewa, unaporudi kutoka kwenye nyasi, tazama kwanza nani anakuja. Nimeona mtu amekosewa kweli, halafu kwa hasira akajirusha barabarani akawafagia watatu wasiohusika. Pale alikuwa na haki, akaipoteza mwenyewe.

Juu ya nafasi katika kona, kila ligi ina kipimo chake. Formula 1 wenyewe wamekuwa wakiandika na kuandika upya mwongozo wa nani mwenye haki ya kona. Nyinyi andikeni wenu, uwe mfupi, uwe wazi, na mkubaliane kabla ya msimu kuanza. Kiini chake ni kimoja: kama mwenzako amefika ubavuni mwako kabla hujaanza kukata, kuna watu wawili pale, na barabara igawanywe kwa wawili. Mwachie upana wa gari moja. Na akiwa nyuma yako anajiandaa kukupita, chagua upande mmoja wa kujilinda, ukae hapo. Kuyumba kushoto na kulia mbele ya mtu anayekanyaga breki ni kumwandalia ajali halafu kumlaumu.

Nawapa mfano wa nyumbani. Ukiwa nyuma ya lori refu kati ya Mafinga na Makambako, huoni mbele. Dereva wa lori anaona. Akiwasha indiketa ya kulia, anakuambia subiri, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto na kusogea kidogo, anakuambia pita, pako wazi. Humjui. Hujamwona uso. Huenda ni Mzambia, huenda ni Mnyakyusa anayerudi kwao Tukuyu, huenda mtoto wa jirani yako. Unaweka roho yako na za abiria wako juu ya taa ndogo ya manjano, unapita, unapiga honi fupi ya asante. Kwa miaka thelathini nilipokea taa ile na nilitoa taa ile, na sikumbuki hata mara moja dereva wa lori amenidanganya. Nyinyi mnaoshindana usiku hamuonani nyuso pia. Aliye mbele yako ni jina tu kwenye skrini na namba ya gari. Ndiyo sababu uaminifu wenu unapaswa kuwa mkubwa zaidi.

Msidhani tabia hii mbaya ni ya watoto wa Mbeya tu. Wakubwa wamefanya mabaya kuliko nyinyi. Mnampenda Ayrton Senna wa Formula 1, na nani asingempenda, alivyokuwa akiendesha kwenye mvua. Lakini someni habari ya Suzuka. Mwaka 1989 waligongana na Alain Prost pale Japani, Senna akanyang'anywa ushindi, na moyoni akaona amedhulumiwa. Mwaka uliofuata, uwanja uleule, kona ya kwanza, hakuinua mguu. Akaliingia gari la Prost, wote wawili wakaishia kwenye kokoto, na Senna akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1991 alikiri hadharani kwamba alikusudia. Watu wanasimulia hadi leo kama kisa cha ushujaa. Mimi nasema kama ninavyoona: lilikuwa jambo baya la mtu mkubwa, na ukubwa wake haukulisafisha. Dhuluma ya 1989 haikupona kwa kugongana 1990. Ukidhulumiwa kwenye ligi yenu, usilipize kwenye raundi inayofuata. Anayelipiza ndiye anayeonwa na waamuzi, tena mwenyewe ndani yake anajua kwamba sasa wamelingana.

Halafu ukaja mwaka 2020, dunia ikajifungia kwa sababu ya korona, na madereva wa kweli wakahamia kwenye kompyuta kama nyinyi. Hapo ndipo ilipoonekana mtu anafanya nini akijua haumii. Tarehe 2 Mei, katika mbio za mwisho za IndyCar za kwenye programu ya iRacing, Simon Pagenaud, mtu aliyeshinda Indianapolis 500 ya kweli mwaka uliotangulia, alipunguza mwendo makusudi mbele ya Lando Norris aliyekuwa akiwania ushindi. Norris akamgonga, na nafasi yake ya kushinda ikafia hapo. Katika mbio zilezile, ndani ya raundi ya mwisho, Santino Ferrucci alimgonga Oliver Askew mstari wa kumalizia ukiwa unaonekana. Hawa ni watu ambao kwenye uwanja wa kweli wanaendesha kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa, gari na gari wakiachana kwa kiganja, na wanaaminiana. Waliwekewa usukani wa mezani, uaminifu ukawatoka.

Wiki tatu baadaye, Daniel Abt, dereva wa Audi kwenye mbio za magari ya umeme, aliweka deiwaka. Kijana wa miaka 18 aliyebobea kwenye mchezo huo aliendesha badala yake kwa siri, jina la Abt likiwa kwenye skrini. Ikagundulika. Waandaaji wakamtoza euro 10,000 zipelekwe kwenye hisani, na Audi wakamsimamisha kazi. Alikuwa ameona ni burudani tu, na kazi aliyoipoteza ilikuwa ya kweli. Nasikia na kwenu wapo wanaomkalisha kaka mwenye mkono mwepesi wakati wa kutafuta nafasi ya kuanzia mbio. Acheni.

Na kama mtu anasema mchezo huu si kitu, mwambieni habari ya Jann Mardenborough. Mwaka 2011 alishinda mashindano ya Gran Turismo yaliyowashirikisha maelfu kwa maelfu ya wachezaji, akapewa gari la kweli, akaenda kuendesha kwenye mbio za Le Mans. Mkono wake haukubadilika alipotoka kwenye kiti cha sebuleni. Alikwenda na mazoea aliyokuwa nayo. Jiulizeni nyinyi mkipewa gari kesho mtakwenda na mazoea gani.

Kuna jambo moja lilinisumbua nilipolisikia mara ya kwanza. Kwenye iRacing, iliyoanza mwaka 2008, magari mawili yakigongana kwa nguvu kwenye lami, wote wawili wanaandikiwa alama nne za makosa. Mashine haiulizi nani kaanza. Alama zikizidi, daraja lako la usalama linashuka, na leseni yako inaweza kurudi nyuma, kwa mfano kutoka A kwenda B. Nikasema hii ni dhuluma: mimi nimegongwa, halafu nahesabiwa? Nililala nalo siku mbili. Kisha nikakumbuka tulichoitwa kufundishwa tulipokuwa watu wazima, udereva wa kujihami. Mwalimu alituambia kaburini hakuna anayeulizwa alikuwa na haki ya barabara. Basi la mwendawazimu linakuja upande wako, mwachie, hata kama upande ni wako. Nikaielewa mashine. Inakufundisha usome mtu: huyu nyuma yangu anakuja kwa pupa, kona hii nitampa, ijayo nitamngoja akikosea. Hata hivyo, kwenye ligi ndogo ya watu wanaojuana, mashine isiachiwe hukumu. Iwe shule tu. Hukumu itolewe na watu.

Na watu hao wawe watatu, wasiokuwemo kwenye mbio wanazoziamua. Watazame marudio kutoka kwenye gari la kila mmoja na kutoka juu. Mlalamikaji asiandike chochote usiku uleule. Alale kwanza, apeleke shauri kesho yake. Wazee walionilea hawakusikiliza kesi ya mtu anayehema. Adhabu iwe moja kwa wote, awe ni mwenye kompyuta ghali au mwenye usukani wa kuazima. Nimesikia mkimwogopa kijana mmoja kwa sababu ndiye anayelipia seva. Mkifika hapo, ligi imekufa.

Mtandao nao una haki zake. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ililegea nchi nzima, na mjukuu wangu alinionyesha jinsi gari la mtu mwenye mtandao mbovu linavyoruka: liko hapa, mara liko pale, mara liko ndani ya gari lako. Aliyelikalia haoni. Kwake yeye anaenda vizuri. Hata siku za kawaida hayo hutokea, mvua ya Mbeya mnaijua, na umeme wenyewe mnaujua. Mwenye gari linaloruka ajitoe mwenyewe kabla ya kuambiwa, na wenzake wampe nusu ya pointi au chochote mlichokubaliana, kwa sababu amewalinda. Lori lisilo na taa halisafiri usiku hata kama dereva wake ni hodari.

Nimalizie na lile linaloniogopesha. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wamefunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye mabasi, mwisho kilomita 80 kwa saa, na bado kuna madereva wanakamatwa wamevichezea. Kuna wengine ni waungwana mahali penye tochi ya kupimia mwendo tu. Wakishalipita gari la trafiki, mguu unazama. Hao ninawaita madereva wa tochi. Sikujua kwamba hata kwenye mchezo wapo, mpaka nilipoona kwamba katika mbio zinazorekodiwa mnaendesha kama malaika, na katika zile zisizorekodiwa wala kuwa na waamuzi mnafanya yale niliyoyaona Ijumaa.

Siwaambii kwamba mchezo unaua mtu. Lakini wengi wenu mtakuja kushika usukani wa kweli kwenye barabara hii hii. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, lori na basi lililotoka Mbeya vilikutana, watu zaidi ya 40 wakafa. Pale hapakuwa na ligi. Lilitajwa shimo barabarani na dereva aliyejaribu kulikwepa. Barabara yetu ina mashimo, ina ukungu wa asubuhi, ina breki zinazochoka na watu wanaosinzia. Imejaa tayari. Sitaki mjukuu wangu aiongezee mkono uliozoea kwamba aliye mbele ataniokoa.

Kijana wa Kihesa hajarudi kwenye ligi. Kwenye orodha ya Ijumaa iliyopita nafasi yake ilikuwa bado wazi, namba yake haijapewa mtu. Mjukuu wangu alimrushia bando la wiki, kisha akampigia. Mara ya kwanza simu iliita hadi ikakatika. Mara ya pili ilipokelewa. Akatoka nayo nje uani, akasimama kwenye baridi bila koti, na alizungumza muda mrefu akiwa amenipa mgongo.